Neno la herufi 19: silabi zake ni 8, 9 au 13?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma kozi ya afya, mwaka wa pili. Wiki tatu zijazo nina prezentesheni kwa Kiingereza na kwenye kichwa chake kuna hili neno otorhinolaryngology, yaani fani ya masikio, pua na koo. Nikifika hapo ulimi unagoma. Nikaona niligawe silabi nilikariri kipande kipande, sasa ndo nimechanganyikiwa kabisa: kamusi moja imelikata vipande 8, nyingine 9, na mimi nikilisoma polepole huku nahesabu kwa vidole napata 13. Juzi kwenye mazoezi nikalitamka nikaona wenzangu wanaangaliana, mmoja akacheka. Ipi ndo sahihi? Na je, ninavyolitamka vibaya ni kwasababu nalikata vibaya? Mmoja kaniambia niseme tu ENT, kile kifupi cha ear, nose, throat, yaishe, mwingine kasema bila lafudhi ya Kizungu nisijisumbue. Naomba msaada."

Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri sana, na hapo kwenye vidole umenisaidia mno, manake ukiniambia unapata 13 mi nakusikia kabisa unavyolitamka hata bila kuwa na wewe chumba kimoja. Nitakuja huko.

Kwanza nikutoe wasiwasi: ulimi wako hauna shida yoyote. Una mambo matatu yamejifunga pamoja ukayaona ni moja: idadi ya silabi, sehemu ya kulikata neno, na sehemu ya kulibonyeza, yaani mkazo. Umehangaika na hayo mawili ya mwanzo na yote mawili hayana madhara makubwa. Lililowachekesha wenzako, naweka dau, ni la tatu, na hilo hukuniuliza.

Silabi ni 9. O-to-rhi-no-la-ryn-go-lo-gy. Hesabu sauti za irabu: o, o, i, o, a, y, o, o, y. Tisa. Nasema sauti, usinielewe herufi, ila kwa bahati kwenye neno hili kila herufi ya irabu inasikika, hakuna inayolala, kwahiyo hata ukihesabu herufi utafika palepale. Usizoee lakini. Neno strengths nalo lina herufi 9 na silabi ni 1 tu, pumzi moja limeisha, we jaribu uone ulimi unavyopigana na hizo konsonanti. Hili lako lenye herufi 19 limejipanga konsonanti-irabu-konsonanti-irabu karibu mwanzo hadi mwisho, limekaa kama neno la Kiswahili. Ukiniuliza kati ya haya mawili lipi gumu kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili nitakwambia strengths, bila kufikiria mara mbili.

Sasa ile kamusi ya vipande 8. Ukiiangalia tena utaona imeandika oto·rhi·no·lar·yn·gol·o·gy, yaani mwanzoni "oto" imeachwa nzima. Wengi wanadhani vile vidoto ni silabi. Sivyo. Vidoto kwenye neno kuu la kamusi, hasa kamusi za Marekani, vimewekwa kwa ajili ya mchapaji na mwandishi, kumwonyesha kwamba neno likifika mwisho wa mstari halijatosha, hapa unaruhusiwa kulikata ukaweka kistari na kuendelea mstari wa chini. Na kwenye uchapaji kuacha herufi moja imekaa pekeyake mwisho wa mstari, o- alafu neno zima likashuka chini, haikubaliki, inaonekana kama kosa. Ndo maana hakuna kidoto baada ya ile o ya kwanza. Silabi ipo, ruhusa ya kukata ndo haipo. Kwahiyo kamusi yako haijakosea, imejibu swali ambalo we hukuuliza. Ukitaka silabi za mdomoni angalia yale maandishi ya matamshi yanayofuata pembeni, kwenye mabano au katikati ya mistari miwili ya mshazari, huko utazikuta tisa zote.

Na hata hiyo ruhusa ya kukata haifanani kila mahali. Desturi ya Marekani inafuata zaidi jinsi neno linavyosikika, wakati desturi ya zamani ya Uingereza inafuata zaidi neno lilikotoka, ndo maana utakuta mmoja anakata knowl-edge na mwingine know-ledge, na neno linatamkwa vilevile tu. Kompyuta nazo zina taratibu zake: mwaka 1983 Frank Liang pale chuo kikuu cha Stanford aliandika tasnifu kuhusu kompyuta kukata maneno mwisho wa mstari, na mfumo wake ukaingia kwenye TeX, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa, ambayo kwa kawaida kwa Kiingereza inataka angalau herufi 2 zibaki juu na 3 zishuke chini. Maana yake ile -gy ya mwisho ambayo kamusi imeitenga kwa kidoto, TeX haitaikata. Unaona? Hayo yote ni mambo ya karatasi. Usifundishie mdomo.

Haya, 13 zako. Hapa ndo penye raha. Naamini ulifanya hivi: ulisikiliza mahali, labda simu, ukasikia wanavyosema, ukajiandikia kwa herufi zetu kitu kama "outourainoularingoloji". Alafu ukaanza kuhesabu: o, u, to, u, ra, i, no, u, la, ri, ngo, lo, ji. Kumi na tatu. Na kwa Kiswahili hujakosea hata kidole kimoja! Kwetu kila irabu inajitegemea. Neno rai ni silabi mbili, ra-i. Neno ua ni mbili, u-a. Tumelelewa hivyo toka tunasoma a e i o u, hatujui kuunganisha. Kiingereza kina zile irabu unganifu, mdomo unaanzia sauti moja unateleza kwenda nyingine bila kunyanyuka, na mtelezo wote huo unahesabika silabi moja. Ou ya mwanzo moja, tou moja, rai moja, nou moja. Irabu nne za ziada ulizohesabu ndo hizo. Toa 4 kwenye 13 unabaki na 9. Kwahiyo masikio yako yako sawa kabisa, ulichokosea ni kupima kitambaa cha mtu kwa rula yako.

Jaribu hiki kitu saa hizi hapo ulipo. Weka kiganja chini ya kidevu, kiguse kidogo tu. Sema "rai" ya Kiswahili kama unatoa rai kwenye kikao, taratibu, ra-i, utahisi kama sauti imepiga mara mbili. Sasa sema rhi ya Kiingereza, kidevu kinashuka mara moja kinarudi juu polepole, hakuna pigo la pili. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyebishana na mimi dakika ishirini kwamba ni mbili, alipoweka mkono kidevuni akanyamaza, akarudia, akanyamaza tena, alafu akasema "kumbe inateleza". Ndo hilo tu. Inateleza.

Tumalizie kukata. Utaona kamusi moja inaandika lar-yn-gol na mi nimekuandikia la-ryn-go. Usipasuke kichwa. Kwa Kiingereza irabu fupi yenye mkazo inapenda kufungwa na konsonanti, kwahiyo kamusi inaisogeza ile r ikae na la, na l ikae na go, kukuonyesha kwamba irabu hapo ni fupi, usiivute. Mdomoni hakuna anayesimama katikati. R ile iko mpakani, wataalamu wa fonetiki wenyewe wanavutana ni ya silabi ya kushoto au ya kulia, na wapo wanaosema ni ya zote mbili. Wewe sema moja kwa moja. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, hulitamki vibaya kwasababu ya kulikata vibaya.

Unalitamka vibaya, kama dau langu ni sahihi, kwasababu ya hapa: unasema otorinolaringoLOji. Mkazo umeuweka kwenye LO, silabi ya pili kutoka mwisho. Na ungewekaje kwingine wakati Kiswahili chote ndivyo kilivyo? KI-tabu hakuna, ni ki-TA-bu. Ukiondoa maneno machache yenye ukaidi, mkazo wetu unakaa pa pili kutoka mwisho, mchana na usiku. Ila angalia kitu ambacho huwa nawaambia wanafunzi wangu na wanashtuka: mkazo wetu nao unahama. PI-ga. Ongeza mkia, pi-GA-na. Ongeza tena, pi-ga-NI-sha. Mzizi ni uleule pig- ila mkazo umeukimbia, unafuata mkia wa neno, na hujawahi kufundishwa darasani, mdomo wenyewe unahesabu kutoka nyuma.

Maneno ya kitaalamu ya Kiingereza, haya yenye asili ya Kigiriki na Kilatini, yanafanya mchezo huohuo. Mkia ndo unaamua. Chukua PHO-to-graph. Ongeza -y inakuwa pho-TOG-ra-phy. Weka -ic inakuwa pho-to-GRAPH-ic. Mzizi mmoja, mkazo umetembea sehemu tatu. Tofauti na sisi ni kwamba sisi tuna hesabu moja, pa pili, wao kila mkia una hesabu yake. Mkia wa -logy unataka pa tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy, car-di-OL-o-gy, na hili la kwako, la-ryn-GOL-o-gy. Mkazo mkuu uko GOL. Hapo ndipo sikio la msikilizaji linapolitambua neno. Ukibonyeza GOL hata kama irabu zingine umezichafua kidogo watu watakuelewa, ukibonyeza LO wanabaki wanaangaliana kama ulivyowaona, manake kwa anayesikiliza Kiingereza mkazo ndo kama kichwa cha mtu, ukikihamisha hamjui tena huyu nani.

Wenzake -logy wanaohesabu tatu ni -graphy, -metry, -scopy, -pathy, -tomy. Yaani majina ya fani na ya vipimo na upasuaji, mengi yako humo, na hiyo peke yake itakuokoa kwenye nusu ya kozi yako. Magonjwa yenye mkia wa -itis, -oma na -osis yanahesabu pa pili, kama Kiswahili: laryn-GI-tis, carci-NO-ma, throm-BO-sis. Hapo we unakuwa nyumbani, lisome kama ulivyozoea. Mkia wa -ic nao unapenda mkazo ukae silabi inayoutangulia, diag-NOS-tic, ingawa kuna wachache wakaidi kama politics na Arabic. Ila -logy sijawahi kuiona imeasi.

Kuna lile dubwana pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, herufi 45, silabi 19. Lilitungwa 1935 na Everett Smith, kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno huko Marekani, ili liwe refu, na hakuna daktari nimjuaye anayelitumia kazini. Watu wanaliogopa. Lakini tazama mkia: -osis. Mkazo mkuu ni ni-O-sis, pa pili kutoka mwisho. Ukishajua hilo mengine yote ni kuteremka ngazi kuelekea pale.

Turudi kwetu. Baada ya GOL inakuja o ndogo ambayo wengi wanaikosa. Ile o ya -o-gy haisemwi o kamili. Ni ile sauti hafifu, mdomo umelegea, si a si e si o, kama mtu kaguswa tumboni kidogo. Kiswahili hakina sauti hii, irabu zetu tano zote zinalipwa mshahara kamili popote zilipo. Kiingereza irabu isiyo na mkazo inanyauka. Ndo maana mi nikiandika kwa herufi zetu naandika GO-la-ji badala ya go-lo-ji, ile "la" iwe fupi, isisikike sana. Ukishindwa kabisa kuinyausha sema o yako, sio dhambi, mradi GOL iwe kubwa kuliko yenyewe. Ukubwa ni wa kulinganisha. Wengine wanahangaika kuikuza GOL mpaka wanapiga kelele, kumbe kazi rahisi ni kuzipunguza jirani zake.

Na g zipo mbili, hazifanani. Ya kwanza iko kabla ya o, ngumu, kama g ya gari. Ya mwisho iko kabla ya y, inakuwa j. Kanuni hii ya g kulainika mbele ya e, i na y inashika vizuri kwenye maneno ya kitaalamu, ndo maana larynx ikigeuka laryngology ina g ngumu, ikigeuka laryngitis inakuwa j, larin-JAI-tis. Herufi ileile, jirani kabadilika.

Kwenye ryn-gol una bahati ambayo wageni wengine hawana. Sauti ile ni ng ya ngoma. Sio ng' ya ng'ombe. Kiingereza kina zote mbili na kinaziandika sawa kwa ukatili kabisa, finger ina ng ya ngoma na singer ina ng' ya ng'ombe, wageni wanalia. Wewe unazo zote mbili mdomoni toka utotoni. Sema ringo kama ungesema nyangumi, umemaliza. Utakutana na Wamarekani wanaosema kama larin-gol, n kavu tu, nao wako sawa.

Ile h baada ya r usiiguse. Rh ni r basi. Hiyo h ni kumbukumbu tu ya pumzi ya Kigiriki ambayo Warumi waliiandika, ikabaki kwenye rheumatism, rhythm, diarrhoea, na haisomwi popote. Kigiriki ukikijua vipande vyake neno linapoteza uchawi: oto ni sikio, rhino ni pua, laryngo ni zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, logy ni elimu. Na rhino huyo ni yuleyule wa rhinoceros, pua-pembe, kifaru! Kwahiyo sikio, kifaru, koo, elimu. Mwanafunzi mmoja alilichora hivyo pembeni ya daftari, sikio limefuatwa na kifaru mwenye skafu shingoni, na nadhani hajalisahau mpaka leo. Mi mwenyewe nikilitamka namwona yule kifaru.

Angalia kitu kingine, sijui kama umegundua: rhi-no-la-ryn-go-lo. R, l, r, l. Zimepishana. Kama lugha ya kwanza ya nyumbani kwako haitenganishi r na l, na zipo nyingi, hapa ndipo pa kujikwaa na pengine ndipo unapohisi ulimi unagoma. Ukisema l ncha ya ulimi inagusa ufizi wa juu inabaki hapo. R ya Kiingereza ulimi haugusi kitu, unajikunja hewani. R yetu inagonga mara moja, nayo inakubalika, itumie, mradi isigeuke l. Fanya rai-la-ri-lo, rai-la-ri-lo, pole pole kama mara ishirini ukiwa unaoga au unafua, bila kufikiria maana. Siku mbili tatu ulimi utashika njia.

Sasa namna ya kulifanyia mazoezi lote, na hapa fanya kinyume na ulivyokuwa unafanya. Ulikuwa unaanzia mbele: oto, otorhi, otorhino... na kila ukiongeza kipande unaelekea kwenye giza, pumzi inaisha na sehemu ngumu ndo iko mwisho, hujaizoea. Anzia mkiani. Sema ji. Alafu la-ji. Alafu GO-la-ji, hapa kaa, rudia mpaka iwe kama jina la mtu unayemjua. Alafu rin-GO-la-ji. La-rin-GO-la-ji, na hiyo "la" ipe uzito kidogo, a yake iegemee e. Hapo tayari una neno kamili, laryngology. Ongeza nou mbele. Ongeza rai, nayo uzito kidogo. Ongeza tou, alafu ou. Kila ukiongeza unaelekea sehemu unayoijua, unashuka kwenda nyumbani. Gonga meza kwa kidole kila silabi, tisa, ya saba gonga kwa ngumi. Kuna kijana nilimfundisha hivi, alifika akiwa kakata tamaa, tukakaa mezani kama robo saa hivi, mimi kikombe changu cha chai kinaruka kila akifika ya saba. Alipoondoka chai ilikuwa nusu kwenye sahani ila neno lilikuwa limekaa.

Ukitumia kamusi yenye alama za fonetiki, kile kikoma kidogo cha juu ˈ kinawekwa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, na cha chini ˌ ni mkazo mdogo. Angalia hapo, kwasababu baadhi ya kamusi za zamani za Marekani zilikuwa zinaweka alama baada ya silabi, na nimeshaona watu wamekariri mkazo umeruka hatua moja kwasababu hiyo. Sauti za simu ni msaada mzuri ila usisikilize moja tu, sikiliza mbili tatu, ikiwezekana za watu halisi wakiongea kwenye mhadhara, na usipende kuzipunguza spidi, manake ukipunguza spidi ile o iliyonyauka inavutwa inaonekana kubwa na unaikariri hivyo.

Kuhusu ushauri wa wenzako. ENT ni halali kabisa, madaktari wenyewe wanaisema siku nzima, na usione aibu. Shida ni kwamba neno liko kwenye kichwa cha prezentesheni yako, limeandikwa ukutani kila mtu analisoma, ukiliruka wataona umeliruka. Ningekuwa wewe ningelisema zima mara moja mwanzoni, taratibu, alafu niseme kuanzia hapa nitaita ENT. Ukiona bado linakusumbua kuna njia ya kati, otolaryngology, bila pua, silabi 7, na huko Marekani ndo inatumika zaidi, ila muulize kwanza msimamizi wako kama anakubali kubadilisha kichwa. Mi ningebaki na refu, kwa ukaidi tu, manake wiki tatu ni nyingi.

Aliyesema bila lafudhi ya Kizungu usijisumbue, mwache. Lafudhi ya Kizungu cha wapi? Mtu wa Scotland na mtu wa Texas ukiwaweka pamoja r zao hazifanani, o zao hazifanani, ila wote wawili GOL wanaibonyeza. Baki na sauti yako. Nakwambia hivi kwasababu mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya watu ujanani nikasoma epitome kama epi-tomu, kwa lafudhi niliyoikopa kwenye redio, nzuri sana, na neno lilikuwa bovu (ni i-PI-ta-mi, silabi nne). Walicheka neno, lafudhi hakuna aliyeiona.

Mwisho, lini utafute mtu wa kuonana naye ana kwa ana. Kama baada ya wiki mbili za kuanzia mkiani bado haliji, tafuta mwalimu wa matamshi au hata mwenzako mwenye sikio zuri akusikilize, sababu kuna makosa mtu huwezi kuyasikia mwenyewe. Kama unakwama kwenye maneno hata ya Kiswahili, unarudiarudia sauti ya kwanza au neno linaziba kooni halitoki, hicho kinaweza kuwa kigugumizi na kuna wataalamu wa tiba ya usemi wanaokisaidia vizuri, usikifanyie kazi kwa kujikaza tu. Kama huzisikii tofauti za sauti hata ukiongeza volyumu, au unawaomba watu warudie kila mara, kapime masikio. Na hili siyo la kwako ila liko kwenye fani yako: mtu aliyekuwa anaongea vizuri akaanza ghafla kuburuta maneno, mdomo umeenda upande au mkono umeishiwa nguvu, huyo haendi kwa mwalimu wa matamshi, anakimbizwa hospitali dakika hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi.

Ukishaliweza la kwako, nakupa zoezi moja. Neno laryngoscopy, kipimo cha kuangalia zoloto. Usifungue kamusi wala usiulize simu. Angalia mkia, hesabu kutoka nyuma, uniandikie mkazo umeuweka wapi na ile g umeisoma vipi.